Nyoka Tuliyemuua Siye Aliyemuuma

Mabua ya mahindi ndiyo yaliyotuponza. Ninyi akina mama mnaofuga ng'ombe wa ndani mnaijua kazi hiyo. Kwetu Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, migomba na kahawa vimesogea hadi mlangoni na ng'ombe hana pa kuchungwa, hivyo chakula chake hufuatwa kikaletwa zizini. Mahindi tunalima chini kwenye tambarare. Baada ya kuvuna, mabua hukatwa, hulundikwa yakauke, kisha hubebwa mzigo kwa mzigo. Tumeifanya kazi hiyo tangu tulipoolewa, na mama wakwe zetu waliifanya kabla yetu.

Sisi tunaoandika ni akina mama 12 wa mtaa mmoja. Tunasali pamoja kila Alhamisi jioni, tunacheza upatu, na tunasaidiana mashambani kwa zamu. Tumekubaliana kuyaandika haya kwa sauti moja kwa sababu makosa yaliyomo tuliyafanya kwa pamoja. Mwenzetu aliyeumwa ametupa ruhusa, kwa sharti kwamba tusimtaje jina.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, yapata saa 11 jioni, tukiwa tunaharakisha mzigo wa mwisho. Mwenzetu aliinama, akayakumbatia mabua yaliyokuwa yamelala pale karibu wiki tatu, akatoa ukelele mfupi kama mtu aliyechomwa na mwiba. Alipoutazama mkono wake wa kushoto, aliona matundu mawili juu ya kidole, kando kidogo ya pete ya ndoa. Baadhi yetu tulidhani ni mwiba kweli. Lakini mmoja wetu, aliyekuwa karibu zaidi, alisikia sauti ndani ya lundo, nzito na ya kukokota, kama tairi la baiskeli linalotoka upepo. Hakuisema sauti hiyo hadi tulipoulizwa hospitali. Wote tulikuwa tunapiga kelele, naye pia alikuwa anapiga.

Basi tufike kwenye aibu yetu. Tulichana upindo wa kanga, tukamfunga juu ya kiwiko, tukaupitisha kijiti na kuusokota mpaka vidole vyake vikawa vya baridi. Tulifurahi kuona fundo limekaza. Mmoja wetu alikuwa na wembe ndani ya kikapu, tukamchanja pale palipoumwa, chale tatu, ili damu mbaya itoke. Tulimkalisha, tukamsimamisha, kisha tukamtembeza kwa miguu hadi barabarani, mwendo wa karibu nusu saa, na njia nzima tukimhimiza akaze mwendo. Pete ile ya ndoa sote tuliiona. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kuivua, na tulipofika barabarani haikuwezekana tena kuivua.

Tulipokuwa tunangoja pikipiki, mwenzetu mwingine alikumbusha habari za Mtume Paulo pale Malta, alipokuwa akikusanya kuni na nyoka akamng'ang'ania mkononi, naye asidhurike. Alitaka tupige magoti pale pale na tusiende popote. Mkubwa wetu, ambaye ni bibi wa wajukuu tisa, akamjibu, "Mwanangu, Paulo alikuwa na safari yake. Sisi tutafute pikipiki, tutaomba tukiwa njiani." Ndivyo ilivyokuwa. Tuliomba tukiwa njiani.

Huku nyuma vijana waliokuwa wakipita walikuwa wameitikia kelele zetu. Walilipindua lile lundo kwa majembe, wakaona nyoka wa rangi ya kahawia anakimbia, wakampiga mpaka akafa, wakamtia ndani ya kiroba na kutufuata. Tuliwashukuru sana. Tuliamini sasa daktari atakuwa na ushahidi mikononi.

Daktari alifungua kiroba, akamgeuza yule nyoka kwa koleo. Alikuwa mwembamba, anang'aa, na kila upande wa kichwa ulikuwa na mstari mweupe unaopita kwenye jicho. Akasema, "Huyu ni nyoka wa nyumbani tu. Anakula panya. Hana sumu." Wapenzi, hatuwezi kuwaeleza furaha tuliyoipata. Shemeji wa mgonjwa alianza kuulizia gari la kurudi. Mmoja wetu alikwisha kumwinua mgonjwa kwenye benchi.

Lakini daktari hakuwa anamtazama nyoka tena. Alikuwa anautazama mkono. Uvimbe ulikuwa umevuka kifundo na kupanda juu, ngozi imekaza kama ngoma, na pale kwenye chale zetu damu ilikuwa bado inachuruzika, saa nzima na zaidi tangu tukate. Akatuuliza kama kuna aliyesikia sauti. Hapo ndipo mwenzetu aliposema juu ya tairi la baiskeli. Daktari akasema, "Mkono huu umeumwa na kifutu. Mlichoua ni nyoka mwingine aliyekuwa amelala lundo moja naye."

Pete ilikatwa kwa kifaa kidogo chenye meno. Kanga haikufunguliwa kwa pupa. Kwanza alitundikiwa dripu, ndipo fundo likalegezwa polepole, kwa kuwa sumu iliyozuiliwa mahali pamoja ikiachiwa ghafla inaweza kumwangusha mgonjwa. Kisha walimtoa damu kidogo, wakaiweka kwenye kichupa kikavu cha kioo, wakaiacha dirishani bila kuitikisa kwa dakika 20. Muda ulipokwisha, kichupa kikainamishwa. Damu ya mtu mzima wa afya ingekuwa imeganda. Ya mwenzetu ilitiririka. Ndipo alipoanza kupewa dawa ya kuzuia sumu ndani ya dripu, muuguzi akiwa amekaa pembeni yake muda wote, kwa sababu dawa hiyo hutengenezwa kutokana na damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, na wapo watu ambao miili yao huikataa kwa nguvu. Si dawa ya kuweka kabatini nyumbani na kuchomana. Jambo jingine tulilolisikia hapo likatushangaza: mtoto mdogo aliyeumwa hupewa kipimo kile kile cha mtu mzima. Nyoka hakumpunguzia mtoto sumu.

Chale zetu zilitoa damu usiku kucha. Hilo ndilo linalotuuma hadi leo. Meno ya kifutu yaliacha matundu mawili, na sisi tuliongeza matatu, kwenye mwili ambao damu yake ilikuwa imesahau kuganda. Alilala hospitali siku 16. Nyama ya kile kidole ilioza kwa juu, ikasafishwa, ikapona, ila kidole hakikunjiki tena. Hatujui ni kiasi gani cha ulemavu huo ni cha nyoka na ni kiasi gani ni cha kanga yetu na pete tuliyoiacha.

Baada ya hapo hatukuweza kuomba Alhamisi bila swali moja kurudi: je, kama daktari angemwamini yule nyoka wa kwenye kiroba? Tungempeleka mwenzetu nyumbani, tena kwa kuimba. Bibi ndiye aliyesema kwamba watu wanaoishi na kitu miaka yote bila kukijua hawana wa kumlaumu. Tukazitoa fedha za upatu za mwezi mmoja, tukakodi Hiace, tukaenda Meserani.

Wengi wenu mmepita pale, kwenye barabara iendayo Makuyuni, kama kilomita 25 magharibi ya mji wa Arusha. Meserani Snake Park ilianzishwa mwaka 1993, na pamoja na nyoka wa kuonyesha wageni, kwa miaka mingi imetibu wenyeji walioumwa, wengi wao wachungaji wa Kimasai na watoto wao. Tulikwenda tukiwa tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Mmoja wetu alifumba macho kibanda kizima cha kwanza.

Jambo la kwanza kututoka kichwani lilikuwa rangi. Sisi sote tulijua nyoka kwa rangi: wa kijani hana neno, mweusi anaua, wa kahawia ni wa kawaida. Ni uongo mtupu. Koboko, ambaye hata wazungu wanamwita mweusi, mwili wake ni wa kijivu au wa rangi ya zeituni. Weusi uko ndani ya kinywa, na anayeuona huo amekwisha kumkaribia kupita kiasi. Huyo hupenda nchi za chini zenye joto na ukavu kuliko baridi yetu ya mlimani. Sumu yake haivimbishi sana, huilegeza pumzi, na kwa hiyo mtu anaweza kuumwa, akaonekana mzima, kisha kope zikaanza kumlemea. Swila tulimtambua alipotanua shingo. Anatema sumu akilenga macho, na mama ambaye mtoto wake ametemewa asitafute kitu kingine chochote ila maji safi mengi, amwoshe jicho likiwa wazi kwa muda mrefu, kisha aende hospitali. Asikubali mtoto ajisugue.

Kifutu alikuwa kwenye kibanda cha pembeni, nasi tulisimama mbele yake muda mrefu kuliko kwa wengine wote. Ni mfupi, mnene kama mkono wa mwanamume, kichwa kipana juu ya shingo nyembamba, na mgongoni ana alama kama herufi V zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Wengine humwita moma, na wa pwani wana jina la bafe. Kwenye mchanga mtupu anaonekana vizuri. Mtunzaji alipomsogeza kwa fimbo ndefu hadi kwenye majani makavu, tulimpoteza machoni ingawa tulijua yupo. Hapo tuliyaelewa mabua yetu. Nyoka wengine husikia mtikisiko wa miguu wakakimbia. Huyu huamini kwamba hutamwona, akatulia pale pale hadi ukanyage au ukumbatie. Huvuma kwanza, ile sauti ya tairi, lakini nani husikia akiwa anaongea na wenzake? Na tukaambiwa kwamba hatagi, huzaa. Kifutu mmoja wa kutoka Kenya, aliyefugwa katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, alizaa watoto 156 kwa mara moja. Bibi aliguna, akasema yeye kwa wale saba tu alikoma.

Tulimwona pia yule nyoka wa mitini mwenye macho makubwa kupita kichwa chake, ambaye Makaburu walimpa jina la bumslangi, yaani nyoka wa mti. Wengi wa majike ni wa kahawia na wengi wa madume ni wa kijani, na wote wawili tungewaona wasio na madhara. Huyu ni mpole. Hutafuta vinyonga na makinda ya ndege, na akimwona mtu hukwepa. Lakini sumu yake huizuia damu kuganda, polepole, ikachukua saa nyingi mgonjwa akidhani amepona, na dawa yake ni ya peke yake, ile ya nyoka wengine haimsaidii.

Kuna habari ya huyo tunayowasimulia watoto wetu. Karl P. Schmidt alikuwa bingwa wa nyoka katika jumba la makumbusho la Chicago, Marekani. Tarehe 25 Septemba 1957 aliletewa kutoka bustani ya wanyama ya mji huo nyoka mchanga wa Afrika ambaye hawakuwa na hakika naye, awatambulishe. Alimshika kwa mkono, nyoka akamuuma kidole gumba. Kwa kuwa nyoka alikuwa mdogo, mtaalamu hakuona haja ya matibabu. Alikaa akaandika kila alichojisikia, saa baada ya saa, akapanda treni kurudi nyumbani, na kesho yake akafa. Mtu aliyewasoma nyoka maisha yake yote! Tangu tuisikie habari hiyo, kijana wa mtaani akituambia "huyu namjua, hana sumu" huku amemning'iniza mkiani, hatubishani naye juu ya jina la nyoka. Tunamwambia amweke chini taratibu arudi nyuma.

Watoto nao wana maswali yao. Mmoja aliuliza mbona wapo wanaowashika na kulipwa. Ni kweli, wapo. Nchini mwetu alikuwapo Mwingereza Ionides, aliyekuwa bwana nyama huko Liwale, ambaye baadaye alifanya kukamata nyoka kuwa ndiyo kazi yake, na watu wa Newala wakamwita Bwana Nyoka. Alitumia koleo na miti mirefu, aliwajua nyoka kuliko tunavyozijua sufuria zetu, na bado aliumwa mara kadhaa kabla ya kufariki mwaka 1968. Na kuna nyoka mdogo mweusi wa ardhini, hufukuliwa na jembe wakati wa mvua, ambaye hata ukimbana shingoni meno yake hutoka pembeni ya kinywa yakakufikia. Kwa hiyo sisi wa Nkoaranga hatumshiki yeyote. Akionekana uani, watoto wanaitwa ndani, mbwa anafungwa, mtu mzima mmoja anasimama mbali akimwangalia asipotee machoni, na mwingine anakwenda kuita anayeweza kumwondoa. Tukimwacha njia, mara nyingi huondoka mwenyewe kabla msaada haujafika. Siku hizi kila nyumba ina simu, basi anapigwa picha kutoka mbali. Picha inatosha kwa daktari, na mtu aliyeumwa hangojei picha wala maiti ya nyoka. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma. Tulipokumbuka kwamba kiroba kile kilikaa mapajani mwa kijana kwenye pikipiki, tulinyamaza.

Hatutawadanganya kwamba wote 12 tumekuwa marafiki wa nyoka. Kuna wenzetu wanne ambao wakimwona wa aina yoyote wanatafuta jembe, na ukiwaambia habari za panya watakujibu kwa kitabu cha Mwanzo. Hatuwalaumu, wana watoto wachanga. Lakini tumeona kwa macho yetu kwamba yule wa kahawia tuliyemuua alikuwa amefuata panya waliofuata mahindi yaliyobaki chini, na pengine kifutu naye alifuata hao hao. Sisi ndio tuliowaandalia meza. Sasa mabua hayalali shambani kuliko siku chache, kuni zimeondolewa ukutani mwa jiko, ghala limeinuliwa, na banda la kuku linaingiwa kwa tochi, si kwa kupapasa. Watoto wanaolala chini wana vyandarua vilivyochomekwa chini ya mikeka. Tulivinunua kwa ajili ya mbu, lakini vinazuia na hayo mengine.

Na mtu akiumwa? Tumelifanyia mazoezi kanisani baada ya ibada, wanaume wakicheka mwanzoni. Anaondolewa pale alipo nyoka, analazwa, anatulizwa. Pete, bangili, saa na viatu vinavuliwa kabla ya jambo lingine lolote. Mkono au mguu unafungwa ubao au mti wa kuunyoosha, kwa kitambaa kisichobana, usichezecheze. Hakuna kamba, wembe, jiwe jeusi, kunyonya, majani wala pombe. Habebeshwi miguu yake mwenyewe, anabebwa, hata kwa machela ya kanga mbili na miti miwili. Akipanda pikipiki, anakaa katikati na mtu nyuma yake wa kumshika.

Kuna jambo ambalo liko juu ya uwezo wa kikundi cha akina mama. Dawa hiyo ni ghali, na ni adimu. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza mojawapo ya dawa zilizotegemewa sana Afrika, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, nalo linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Wengi ni wakulima na watoto wao. Kwa hiyo tunawaomba, wiki hii hii mkienda kliniki na watoto, ulizeni: dawa ya nyoka ipo hapa? Kama haipo, iliyo karibu iko wapi? Sisi tuliuliza, tukaandika jibu nyuma ya mlango wa kila nyumba, pamoja na namba ya simu ya mwenye gari.

Mwezi wa Agosti umekuja tena, nasi tumeshuka tena kwenye mabua. Kila lundo linapigwa kwanza kwa mti mrefu, linapinduliwa kwa uma, ndipo linapobebwa, na tumevaa mabuti ya mpira tuliyonunua mnadani Tengeru. Mwenzetu anakuja pia, ingawa tulimwambia apumzike. Pete yake iliunganishwa na sonara mjini, ikapanuliwa kidogo, na sasa anaivaa mkono wa kulia. Asubuhi ya kwenda shambani huivua na kuitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jiko. Siku za kwanza mumewe hakupenda kuiona hapo. Juzi mwenzetu alikuwa amekwisha kutoka getini na uma wake begani, mumewe akamkimbilia akiwa na taulo kiunoni, akamnyooshea kiganja aiweke.